Ukuta wa Mama Sintamei

Leo Karatu mtu anazungushia nyumba yake ukuta mrefu, anaweka geti la chuma na mbwa wawili, na hajui hata jina la anayeishi upande wa pili, lakini mwaka ule wa themanini na tano, katika nyumba ya miti na udongo iliyokuwa juu ya korongo, Omary aliyepanga chumba cha kwanza aliweza kutambua kikohozi cha kila mpangaji mpaka chumba cha sita.

Omary alikuwa fundi cherehani, Mrangi wa Kondoa. Mkewe alibaki Kondoa kulinda shamba, naye akashona nguo za watu kwenye kibaraza cha duka karibu na stendi. Shule hakuiona. Kusoma alijifunzia kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari na chumvi dukani. Alisoma habari nusu nusu, kwa sababu mwisho wa habari ulikuwa umekwenda na sukari ya mtu mwingine. Pengine ndiyo maana alipopata maandishi yenye mwanzo na mwisho aliyaamini mno. Watu walimletea barua za kuandika, za posa, za kuomba kazi, za kumkumbusha kijana aliyeko Arusha kwamba ana mama. Aliandika zote kwa mwandiko wa kusimama wima, na hakumtoza mtu. Siku hizi hata ukimuuliza mtu njia, anakuangalia kwanza mikono kama umeshika kitu.

Chumba cha tano alikaa Metui na mkewe Nashilu, pamoja na binti yao Sintamei, aliyekuwa na miaka mitatu. Metui alizaliwa chini kabisa ndani ya kreta ya Ngorongoro. Walipoambiwa na serikali watoke kule alikuwa tayari moran, kijana wa kushika mkuki, na ng'ombe waliotoka nao walikwenda wakipungua kila mwaka, wengine kwa ugonjwa wa ndigana, wengine kwa ukame, mpaka waliobaki akawakabidhi kwa kaka yake Senteu huko Piyaya, upande wa Loliondo, yeye akaja Karatu kulinda ghala la mbegu za maharage. Alilinda usiku, akalala mchana. Nashilu aliuza maziwa mgando kwenye vibuyu. Majirani walimwita Mama Sintamei, naye alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilimtosha kumsema kila mtu.

"Fundi," alimwambia Omary siku moja, "wewe unashona nguo ya watu wote, na yako imetoboka matakoni."

"Ya kwangu naishona nikipata muda, Mama Sintamei."

"Muda gani? Tutaendelea kuona tu?"

Ukuta wa nyuma wa chumba hicho cha tano ndio uliokuwa na shida. Korongo lilikuwa linakula ardhi kila masika, na miti ya ukuta ule ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia chini. Udongo ulisimama kwa mazoea tu. Ufa ulianzia kwenye paa ukashuka mpaka sakafuni, na mkono wa mtu mzima ulipita. Ukilala ndani ungeweza kuona ng'ombe wa watu wakipita ng'ambo ya korongo. Kitanda cha mtoto kilikuwa hapohapo chini ya ufa, maana chumba chenyewe hakikuwa na mahali pengine pa kukiweka. Nashilu aliukandika ufa ule mara nyingi kwa udongo na samadi. Kila alipoukandika ulitulia wiki mbili tatu, kisha ukuta ukaegemea zaidi, na ufa ukarudi mpana kuliko mwanzo.

Mwenye nyumba aliitwa Raphaeli, mkulima wa ngano wa Mbulumbulu, mwenye trekta na kofia ya kijani ambayo hakuivua hata kanisani. Si kwamba alikuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliochosha watu.

"Bwana Raphaeli," Omary alimwambia alipokuja mwezi wa saba, "ule ukuta wa kina Metui utaua mtoto."

"Nauona, Fundi. Unaniumiza hata mimi."

"Basi utengeneze."

"Saruji iko wapi? Kibali cha saruji nimeomba tangu mwaka jana. Wewe unayejua kusoma, ukikiona kibali changu mahali, niletee."

"Hata miti mipya na udongo, mzee. Hatujasema saruji."

"Nikitia miti, mchwa watakula tena. Ngoja tuvune."

Wakavuna. Kiangazi kikaendelea, na Raphaeli akasema ngoja trekta itoke gereji. Watu wa vyumba vingine walinung'unika mabombani kisha wakanyamaza alipotokea.

Ndipo Omary aliporudi kutoka Arusha, alikokwenda kutafuta sindano za cherehani, akiwa na kijitabu chembamba cha serikali mfukoni. Kilikuwa kinaeleza sheria mpya ya nyumba za kupanga. Alikisoma safari nzima, vumbi la Makuyuni likimwingia machoni. Kilisema mwenye nyumba ni lazima aitunze nyumba katika hali ya kukalika. Kilisema mpangaji anaweza kumpeleka mbele ya baraza la nyumba, na baraza linaweza kumwamuru atengeneze. Omary alirudia mistari ile mpaka akaijua kwa moyo. Alijisikia kama mtu aliyeokota ufunguo.

Aliandika malalamiko kwenye fulskepu, nakala tatu, kwa karatasi ya kaboni. Wapangaji watatu walisema wana shughuli. Zuleha wa chumba cha tatu, mjane aliyekaanga maandazi stendi, aliandika jina lake kwa herufi kubwa huku akicheka.

"We Omary, tukifukuzwa nitahamia kwenye cherehani yako."

Metui aliiangalia karatasi muda mrefu kabla ya kutia dole gumba.

"Hii karatasi inasema nini?"

"Inasema Raphaeli ajenge ukuta."

"Na akikataa?"

"Hawezi kukataa. Ni sheria."

Metui alitabasamu kidogo. Mtu aliyetolewa kreta alikwishasikia neno hilo. Lakini alitia dole, kwa sababu Omary alikuwa jirani yake, na zamani mtu hakumwangusha jirani mbele ya watu.

Jambo moja Omary alimwomba Nashilu. Alimwambia asiukandike tena ule ufa. Auache ulivyo mpaka shauri liishe. Nashilu aliona haya. Kwa Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke kwa mikono yake mwenyewe. Mwanamume ana ng'ombe, na nyumba ikivuja hakuna anayemuuliza mwanamume. Ufa ule ulikuwa kama nguo yake ya ndani iliyoanikwa njiani. Hata hivyo alikubali. Alitundika ngozi ya ng'ombe mbele yake, akawa anaipita bila kuitazama, na mtoto akalalia upande wa pili wa kitanda.

Safari ya kwanza ya Arusha baraza halikukaa, wajumbe hawakutimia. Safari ya pili Raphaeli alileta udhuru wa kulima. Ya tatu, mwezi wa pili mwishoni, walikaa, na Omary akasimama akasema yote kwa mpangilio, akataja hata kifungu. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye miwani, alimsikiliza kwa adabu. Kisha Raphaeli akasema kwa sauti yake ileile kwamba Fundi ni rafiki yake, ila anapenda kukuza mambo, na kwamba ufa ni wa kawaida wa nyumba za udongo.

"Mmoja anasema mkono unapita, mwingine anasema ufa wa kawaida," alisema mwenyekiti. "Baraza halijauona. Mkaguzi ataenda Karatu Alhamisi ijayo, aangalie kwa macho, aandike alichokiona."

Omary alitoka nje miguu ikiwa myepesi. Ukuta wenyewe ungetoa ushahidi. Hakuna maneno ya Raphaeli ambayo yangeweza kuuziba. Alipofika nyumbani aliwaambia Metui na Nashilu, na Zuleha akiwa mlangoni na sinia lake:

"Alhamisi anakuja mkubwa kutoka Arusha. Anakuja kuiona nyumba yenu. Ataingia mpaka ndani."

"Ndani kwangu?" Nashilu aliuliza.

"Ndani kwako."

Nashilu alimtazama mumewe. Metui alisema maneno mawili kwa Kimaasai, naye akaitikia kwa kichwa. Omary aliona ameeleweka. Kuhusu ufa hakusema tena, maana alishasema mara moja, na neno la mtu siku zile halikuhitaji kurudiwa.

Jumatano aliondoka asubuhi kwenda kumchukua mkaguzi. Baraza halikuwa na gari, na bila mtu wa kumtafutia usafiri huenda mkaguzi asingekuja mwezi ule wala ule mwingine. Alimpata dereva wa lori la bia ambaye alikuwa bado hajamlipa suruali mbili alizomshonea, wakakubaliana. Mkaguzi aliitwa Bwana Sylvesta, kijana mwenye shati jeupe na faili la bluu. Alhamisi alipanda mbele na dereva, Omary akapanda nyuma juu ya makreti, na kila lori liliporuka yeye alifurahi kwamba anasogea.

Walifika saa sita. Raphaeli alikuwa ameshafika, amesimama uani na kofia yake. Nashilu alikuwa amevaa shuka nyekundu mpya na shanga zote alizokuwa nazo. Mtoto alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Omary alipoingia chumba cha tano alisikia harufu kabla hajaona kitu, harufu ya samadi mbichi na jivu.

Ukuta wa nyuma ulikuwa laini kama upande wa chungu. Ngozi ilikuwa imeondolewa. Kutoka paani mpaka sakafuni palikuwa na udongo uliosuguliwa kwa kiganja, na juu yake chokaa nyeupe. Zuleha ndiye aliyetoa chokaa, ile iliyobaki tangu Idi.

"Mama Sintamei," Omary alisema. "Umefanya nini?"

"Nimejenga." Alisema kwa furaha. "Tangu jana. Zuleha amechota maji. Mimi na yeye, mpaka mikono imechubuka."

"Nilikwambia uuache!"

Zuleha aliingilia mlangoni. "Omary, wewe vipi? Umesahau wale mabwana afya walivyokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kukagua usafi? Ukiwapokea na uchafu unaaibishwa mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mtu ametoka Arusha mpaka huku, mwenzio amwonyeshe matundu?"

Omary alimgeukia Metui. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu ya mtu aliyekesha lindoni, fimbo magotini. Alikuwa amelala mchana kutwa wakati kazi inafanyika. Hata kama angekuwa macho asingesema kitu. Nyumba haikuwa sehemu yake.

Bwana Sylvesta alifungua faili. Aligusa ukuta kwa kidole, kidole kikatoka na chokaa.

"Ufa uko wapi?"

"Uko hapo chini, Bwana mkaguzi," alisema Omary. "Umefunikwa. Kwangua kidogo tu utaona. Plasta bado mbichi, si unaona?"

"Naona ni mbichi. Maana yake umetengenezwa."

"Ametengeneza mpangaji!"

"Mimi sikutumwa kuangalia nani ametengeneza. Nimetumwa kuangalia ufa."

Omary alianza kukwangua kwa kucha. Donge la kwanza lilipoanguka Nashilu alipiga kelele, akaja akamshika mkono. "Fundi! Unabomoa nyumba yangu mbele ya mgeni?" Hakuwa anatania safari hii. Mkaguzi naye alimwambia asimame mbali na ukuta, kwa kuwa kuharibu kinachokaguliwa ni kosa.

Raphaeli alivua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuona kichwa chake.

"Tusibishane, Bwana mkaguzi. Mwenye kuishi humu yupo. Muulize yeye."

"Ni sawa," alisema Bwana Sylvesta, akamgeukia Nashilu kwa heshima kabisa. "Mama, nyumba yako hii ina shida yoyote?"

Omary alimtazama kwa macho yote. Alitaka kumwambia sema, sema ndiyo, lakini hata yeye aliona swali lilivyokuwa. Mwanamke alikuwa anaulizwa na mgeni, ndani ya nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, mbele ya mume wake na mbele ya jirani, kama nyumba yake ni mbovu. Mama yake Nashilu asingejibu vinginevyo, wala bibi yake.

"Nyumba yangu nzuri," alisema Nashilu. Akachukua kibuyu, akamimina maziwa kwenye kikombe. "Kunywa, baba. Umetoka mbali."

Bwana Sylvesta alikunywa, akashukuru, akaandika mistari mitatu. Omary aliweza kuisoma hata ikiwa kichwa chini. *Ukuta umekandikwa upya. Hakuna ufa unaoonekana. Mpangaji ameridhika.*

Walipotoka, Metui alimfuata Omary uani.

"Umekasirika, Fundi."

"Ungesema wewe, Metui. Neno moja tu."

"Niseme nini? Kwamba mke wangu hajui nyumba?" Alitema mate pembeni. "Wewe ungesema hivyo juu ya mkeo, mbele ya Raphaeli?"

Omary alikuwa amekaa Karatu miaka kumi na minne, akinywa maziwa ya Wamaasai na kushona shuka zao, na aliijua desturi yao kama alivyoijua ya Kondoa. Alichokuwa nacho kichwani wiki ile kilikuwa kifungu cha sheria tu, na hakikumwachia nafasi ya kumfikiria mwanamke ambaye mgeni angeingia nyumbani kwake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Baraza lilitupa shauri mwezi wa tatu. Omary aliandika barua ya kuomba lisikilizwe upya, akajibiwa kwa mstari mmoja. Akaandika nyingine, hakujibiwa. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza.

Ukuta ulianguka Jumanne moja asubuhi. Nashilu alikuwa amemfunga Sintamei mgongoni amekwenda kuuza maziwa, na Metui alikuwa njiani anatoka lindo. Haukuangukia ndani, uliinama nje taratibu, ukashuka korongoni pamoja na chokaa yake, na paa likaning'inia. Watu wa nyumba walitoka wakasimama kwenye mvua kuangalia. Siku zile watu walitoka. Zuleha alivuta magodoro ya kina Metui kwa mikono yake akayaingiza chumbani kwake, na wale watatu waliokataa kutia sahihi wakaja kushika paa lisianguke lote.

Omary alifikiri sasa Raphaeli hana pa kutokea. Alichukua kalamu siku hiyohiyo. Lakini Ijumaa Raphaeli alikuja na karatasi yake mwenyewe, yenye mhuri wa serikali. Alimkabidhi Omary aisome, kwa kuwa ndiye msomaji wa nyumba. Ilisema vyumba vya upande wa korongo havifai kukaliwa na binadamu, na wapangaji wa vyumba hivyo watoke katika siku saba ili mwenye nyumba aweze kujenga upya.

"Hii si haki, Bwana Raphaeli."

"Fundi, ni wewe uliyeniambia utaua mtoto. Nimekubali."

Omary alikwenda ndani akafungua kijitabu. Alitafuta ukurasa kwa ukurasa, na akakipata kifungu. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuirudisha nyumba mkononi mwake inapobidi kuijenga upya. Kilikuwa pale muda wote, kurasa mbili baada ya vile alivyovijua kwa moyo. Alipita juu yake mara zote hizo, kwa sababu hakikumhusu.

Jioni alikwenda kwa Zuleha, walikokuwa wamejibana wote.

"Tutaandika tena," alisema. "Tutadai muda zaidi. Kuna njia."

Metui alikuwa anafunga ngozi kwa kamba. Hakuinua kichwa.

"Umesoma sana, Fundi. Inatosha."

"Mtakwenda wapi?"

"Piyaya. Kwa Senteu."

"Kule kuna nini sasa?"

"Kuna miti. Mama Sintamei atajenga."

Zuleha aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Nashilu alikuwa anamlisha mtoto uji, na alimkaribisha Omary akae, kama siku zote.

Raphaeli hakujenga mwaka ule. Wala mwaka uliofuata. Saruji ilipoanza kupatikana kwa kila mwenye pesa, korongo lilikuwa limeshachukua chumba cha tano na cha sita, na sasa pale kuna nyumba ya wageni yenye bustani, na mlinzi wake ni mtoto wa mtu asiyejulikana.

Mara ya mwisho Omary kuwaona ilikuwa siku ya sita kati ya zile saba, asubuhi, kwenye njia panda ya kwenda geti la Ngorongoro. Lori la mahindi la kwenda Loliondo lilikuwa limesimama kusubiri abiria. Walikuwa juu ya magunia, Metui amekaa upande wa nyuma akitazama barabara iliyotoka Arusha, Nashilu katikati, mtoto mapajani. Omary alikuwa ameshona gauni dogo la kitambaa cha maua, akalirusha juu, Nashilu akalidaka, akalipima kwenye mabega ya Sintamei.

"Kubwa, Fundi."

"Atakua."

Alilikunja vizuri akaliweka chini ya shuka yake. Kisha, akainama kidogo juu ya ubao wa lori, akauliza, "Yule mgeni wa Arusha, alifika salama kwake?"

"Alifika."

"Vizuri."

Omary alitaka kusema kitu kuhusu kosa lake. Maneno ya Kimaasai ya kuomba radhi hakuyajua, na ya Kiswahili yote yalikuja yakiwa na sura ya barua. Dereva akawasha injini. Metui aliinua fimbo yake mara moja, ishara ya kuaga au ya kujiweka sawa, Omary hakujua. Lori lilishika kilima, tope likiruka nyuma ya magurudumu, na kwa muda mrefu aliweza kuona shuka nyekundu juu ya magunia, mpaka barabara ilipopinda kuingia msituni.